Instagram, Flickr, Reddit au kagrupu kadogo: anayeanza kupiga picha apeleke wapi kazi zake?

Kila anayeanza kupiga picha anafika kwenye swali hili mapema sana: niziweke wapi picha zangu watu wazione na waniambie kama naenda vizuri? Ukilisikiliza vizuri hayo ni maswali mawili. Kuna kuonekana, yaani macho mengi yapite kwenye kazi yako, na kuna kukosolewa, yaani mtu anayejua akae na picha yako dakika mbili tatu akuambie kipi kimekaa na kipi bado. Sehemu nyingi za mtandaoni ziko vizuri kwenye moja tu kati ya hayo, sasa mtu akienda kutafuta ukosoaji kwenye sehemu ya kuonekana anaishia kukata tamaa bure, anaona picha imepata laiki kidogo anaamini ni mbaya, kumbe waliopita hapo hakuna hata mmoja aliyeitazama zaidi ya sekunde moja.

Niseme mapema nasimama wapi ili unapoendelea kusoma ujue kwanini nazipanga hivi. Mwaka wa kwanza tafuta ukosoaji, kuonekana kutafuata. Ukianza na kuonekana kabla hujajua udhaifu wako uko wapi, laiki ndo zinakuwa mwalimu, na laiki zinakufundisha kurudia kilekile kilichopendwa jana, machweo yenye rangi zilizokolezwa, uso mzuri uliofifishiwa nyuma, basi unapiga picha ileile mwaka mzima na hakuna anayekuambia kwamba upeo wa macho kwenye picha zako zote umelala upande.

Instagram

Nianze nayo kwa sababu ndo wengi wanakimbilia. Ilianza Oktoba 2010 ikiwa apu ya picha kabisa, picha za mraba peke yake, mpaka 2015 ndo wakaruhusu za kusimama na za kulala. Leo mambo yamebadilika. Adam Mosseri anayeiongoza alitamka wazi mwaka 2021 kwamba Instagram sio tena apu ya kushea picha tu, na tangu hapo video ndo imekuwa ikisukumwa mbele. Mwanzoni mwa 2025 akataja vitu vitatu vinavyopewa uzito mkubwa kwenye kuamua posti ifike mbali: muda ambao watu wanaitazama, laiki ukilinganisha na waliofikiwa, na wangapi wamemtumia mtu mwingine. Angalia vizuri hivyo vitatu, hakuna hata kimoja kinachopima kama mwanga umekaa, kama fokasi iko pahala pake, kama picha ina kitu inasema. Kwahiyo posti ikifeli pale usiisome kama hukumu ya picha yako.

Halafu kuna suala la ukubwa. Kamera ya megapikseli 24 inakupa picha yenye upana wa pikseli 6000 hivi, Instagram kwa kawaida inakuonesha 1080. Picha yako ya mlima wenye ukungu na vijimti vidogo kwa mbali, vile vijimti ndo vilikuwa uzuri wenyewe, pale havionekani. Na picha ya kulala kwenye simu inakuwa ndogo: ukiweka ya kusimama ya nne kwa tano unapata pikseli 1080 kwa 1350, ya kulala ya kawaida ya kamera inabaki 1080 kwa 720, yaani karibu nusu ya eneo. Ndo maana unaona wapiga picha wengi wameanza kupiga kila kitu kwa kusimama, hata vitu ambavyo vinataka upana. Hapo jukwaa limeanza kukuamulia mpangilio wa picha, na kwa anayeanza hilo mimi naliona ni tatizo kubwa kuliko laiki.

Ila usiitupe. Kama unataka siku moja kulipwa na watu wa kawaida, kupiga harusi, familia, chakula, nguo, basi mteja atakutafuta pale kwanza kabla hajakupigia, na akikuta profaili yenye picha tisa nzuri za kazi moja anaelewa haraka kuliko ungemtumia albamu ya picha mia. Karuseli, yaani posti moja yenye picha nyingi za kutelezesha, ndo inasaidia zaidi kwa picha za kutulia, tangu 2024 unaweza kuweka hadi picha 20 kwenye posti moja, weka picha iliyokamilika kwanza, ifuate ile kabla ya kuediti, kisha moja inayoonesha ulisimama wapi na mwanga ulitoka wapi. Watu wanakaa kwenye posti ya namna hiyo na wanaitumiana, hasa wanaojifunza kama wewe. Na ukipata meseji kutoka kwa ukurasa mkubwa unaosema tutairusha picha yako ukilipa kidogo, achana nayo, mafolowa wa ukurasa wa namna hiyo mara nyingi hawakufuati na hawanunui kitu.

Ukosoaji kwenye Instagram, kwa kifupi, haupo. Utapata vialama vya moto na "kali sana", sio kwa ubaya wa watu, ni vile apu yenyewe imetengenezwa mtu apite haraka. Unaweza kuulazimisha kidogo ukiweka picha mbili kwenye stori na kuuliza ipi, ila hata hapo utapata kura, sababu hutapata.

Flickr na 500px

Hizi mbili watu wanazifananisha kwa sababu zote ni za picha tu, lakini ukikaa ndani tabia zake ni tofauti kabisa.

Flickr ni ya zamani, 2004, imepita mikono ya Yahoo ikaja kununuliwa na SmugMug mwaka 2018. Akaunti ya bure inaishia picha 1000 na kati ya hizo zisizo za wazi kwa watu wote hazizidi 50. Kwa anayeanza picha 1000 ni nyingi mno, ukijibana uweke nzuri tu hutazimaliza karibuni. Kitu ninachokipenda Flickr kuliko sehemu nyingine yoyote ni kwamba chini ya picha unaona data za EXIF, yaani taarifa ambazo kamera inaziandika yenyewe kwenye faili: kamera, lenzi, kasi ya shata, tundu la lenzi, na ISO, ile namba ya wepesi wa kamera kwa mwanga. Chukua mfano, unahangaika na picha za ndege akiruka, zako zote mabawa yametoka kama moshi. Unaingia kwenye grupu la ndege wanaoruka, unafungua picha ishirini zilizonyooka, unakuta nyingi ziko kwenye 1/2000 ya sekunde au haraka zaidi, na ISO wameiachia ipande 800, 1600, hawaiogopi. Yako ilikuwa 1/250. Umepata jibu bila kumuuliza mtu, na ni jibu unalolikumbuka kwa sababu umelichimba mwenyewe.

Magrupu ya Flickr ndo moyo wake, ingawa mengine yamelala, unakuta posti ya mwisho ni ya zamani. Angalia tarehe ya mazungumzo kabla hujajiunga. Yaliyo hai yana watu wenye umri na uzoefu ambao wanajibu kwa sentensi kamili. Na historia inaonesha watu wa pale walikuwa na jicho: mwaka 2009 John Maloof, ambaye mwaka 2007 alinunua kwenye mnada Chicago negativu (filamu zilizokwishapigwa) za mpiga picha asiyejulikana, alizipeleka kwa wapiga picha wa mitaani wa Flickr akauliza afanye nini na hivi vitu. Zilikuwa za Vivian Maier, yaya aliyepiga picha zaidi ya laki moja karibu zote bila kumuonesha mtu, na alikuwa amefariki Aprili mwaka huohuo. Mjadala ule ndo uliofungua njia mpaka dunia ikamjua.

Kuna pia Explore, kila siku Flickr wanachagua picha kama 500 wanazoziona zinavutia kwa hesabu ya kompyuta, ukiingia unapata maelfu ya watazamaji kwa siku moja, kesho yake kimya. Ifurahie ikitokea, ila usiipangie maisha.

500px ilianzia Toronto, 2018 ikanunuliwa na Visual China Group. Pale kila picha inapewa alama zinaitwa Pulse, kutoka 0 kwenda 100, na mpya zikianza kupanda zinatokea kwenye kurasa za mbele. Kiwango cha ufundi wa picha unazoziona ni cha juu sana, milima, maporomoko ya maji, nyuso zenye mwanga wa studio, na kwa kweli kukaa saa moja unaziangalia kunapandisha macho yako. Lakini kama sehemu ya kukosolewa sio, komenti ni "nzuri sana, karibu utembelee galari yangu", mtu anakupa laiki ili umrudishie, na zile alama zinafuata zaidi nani ana mafolowa walioamka saa hiyo kuliko picha yenyewe. Na kuna kitu kinamuumiza anayeanza, anaona picha yake imepata 38 na ya jirani 97, anadhani ni mtihani umesahihishwa na mwalimu.

Kwahiyo kati ya hizo mbili mimi nakushauri Flickr bila kusita kama unajifunza, na 500px kama tayari picha zako zimenyooka kiufundi na unataka kuonekana na watu wa mandhari na mitindo. Ukiweza moja tu, Flickr.

Reddit, hasa r/photocritique

r/photocritique ni jamii ya ndani ya Reddit ya kukosoana picha, na hapa ndo nitakaa sana, kwa sababu kwa ukosoaji wa bure kutoka kwa watu usiowajua sijaona sehemu kubwa inayofanya kazi hivi. Siri iko kwenye sheria zao. Ukiweka picha lazima uandike komenti ueleze ulikuwa unajaribu kufanya nini na unataka kusaidiwa wapi, usipoandika posti haina maisha. Na anayekusaidia kweli unaweza kumpa pointi ya ukosoaji, inakaa kwenye jina lake, kwahiyo watu wana sababu ya kuandika kitu cha maana badala ya kusifia tu.

Tofauti inatokea kwenye namna ya kuuliza. Tuseme umempiga picha mtu karibu na dirisha. Ukiandika "naanza tu, mnaonaje?" utapata majibu mawili, moja "nzuri", jingine "ongeza kontrasti". Sasa uliza hivi: "Nilitaka macho yake yawe kitu cha kwanza mtu anaona, nimetumia lenzi ya 50mm kwa tundu la f/1.8, shata 1/160, ISO 400, dirisha liko kushoto kwake. Nahisi kuna kitu kinanivuta nje ya uso lakini sikioni. Pia sina uhakika na kropu ya juu, yaani nilivyoikata." Hapo mtu ana pa kushika. Majibu yatakayokuja yanakuwa ya namna hii: fokasi imeangukia kwenye sikio badala ya jicho la karibu, kwa umbali ule na f/1.8 sehemu inayotoka kwa ukali ni nyembamba sana, kiasi kwamba mtu akisogeza kichwa kidogo tu umeipoteza, nenda f/2.8 au washa fokasi ya macho kama kamera inayo. Mwingine atakuambia kile kinachovuta ni kipande cheupe cha pazia kwenye kona ya juu kulia, kizibe kwa kidole kwenye skrini uone uso unavyorudi, basi kikate au kipunguze mwanga. Mwingine atasema kivuli upande wa kulia kimekuwa kizito, shika kitambaa cheupe au hata karatasi kubwa upande ule uurudishe mwanga. Mambo matatu, yote unaweza kuyafanyia kazi kesho asubuhi. Hiyo kwenye Instagram hupati hata ukiwa na mafolowa elfu kumi.

Ubaya wake nao upo na niuseme wazi. Watu wengine wanaandika kwa ukali, hawakujui, hawana sababu ya kukubembeleza. Kuna wanaokosoa ladha badala ya kazi, umepiga nyeusi na nyeupe anakuambia rudisha rangi. Namna ninayoona inafaa kuchuja ni hii: mtu akitaja sehemu ya picha na sababu, msikilize hata kama kakuuma, akitaja ladha yake tu bila sababu, mshukuru uendelee. Wakisema kitu kilekile watu watatu ambao hawajasomana, hicho ni kweli, kifanyie kazi. Na usijitetee kwenye komenti, ukianza kueleza kwanini pazia lilibaki pale watu wanaacha kukusaidia, nao wana haki, picha ikishaondoka mikononi mwako huwezi kuifuata kila inapokwenda ukieleza.

Lugha pia inawazuia wengi, pale wanaandika Kiingereza. Hakuna anayekuhukumu kwa sarufi, andika sentensi fupi, tumia programu ya kutafsiri, mipangilio ya kamera ni namba na namba ni zilezile kwa kila mtu. Na akaunti mpya kabisa mara nyingi inachujwa kwenye jamii nyingi za Reddit, kwahiyo fungua mapema, anza kwa kuwakosoa wengine kwa heshima kabla ya kuleta yako.

Hilo la kuwakosoa wengine naomba ulichukulie kwa uzito, ndugu yangu, hata kama wewe ni wa juzi. Ukilazimika kuandika kwanini picha ya mtu haijakaa unalazimika kuitazama kwelikweli, pembe zote nne, mandhari ya nyuma, mstari wa upeo, mwanga umetoka wapi. Baada ya muda macho hayohayo yanahamia kwenye kioo cha kamera yako kabla hujabonyeza. Kama Reddit ingekuwa haikupi ukosoaji wowote bado ningekuambia nenda kwa ajili ya hili.

Kwa kuonekana tu, bila kuomba ukosoaji, kuna r/itookapicture, kichwa cha posti kinaanza na ITAP, kifupi cha "I took a picture" (nimepiga picha), alafu unasema umepiga nini. Picha moja nzuri inaweza kufika mbali pale hata kama hakuna anayekujua, kwa sababu Reddit inapandisha posti yenyewe kuliko mtu. Lakini watu hawabaki na wewe, wanaipenda picha wanaondoka bila kuangalia jina.

Grupu kubwa la Facebook au kagrupu ka watu watano

Magrupu makubwa ya jumla ya upigaji picha kwenye Facebook mimi siyapendi kwa anayeanza, mazungumzo yanaishia kwenye kamera gani bora kuliko gani. Yale ya aina moja ya picha ndo ya kutafuta, wadudu wa karibu, nyota, kamera za filamu, ndege. Mtu wa nyota akiona vistari kwenye nyota zako atakuambia papo hapo gawanya 500 kwa urefu wa lenzi, ile namba ya mm, upate sekunde za kuacha shata wazi, kwa 24mm kwenye kamera ya sensa kubwa unapata kama sekunde 20, ukizidisha hapo nyota zinaanza kuchora mistari kwa sababu dunia inazunguka. Ni kanuni ya makadirio, sensa za pikseli nyingi zinataka pungufu ya hapo, ila inakutoa gizani.

Kagrupu kadogo ka WhatsApp au Telegram, watu watano au sita, ndo kwa maoni yangu kanashinda vyote nilivyovitaja kwa kukuza mtu. Wanakuona ukibadilika. Mgeni wa Reddit anaona picha moja tu, mwenzako wa grupu anakumbuka kwamba mwezi uliopita ulikuwa unakata miguu ya watu kwenye vifundo na sasa umeacha, au hujaacha. Watu hao usiwatafute kwa udugu, ndugu na marafiki watakusifia hata picha ya giza, watafute kwa wale waliokupa komenti ya maana Flickr au Reddit, mwandikie mmojammoja uliza kama angependa kukaa watu wachache mkosoane kila wiki. Wengi wanakubali kwa sababu na wao wanahitaji.

Sheria chache zinatosha. Wiki moja mada moja, kila mtu picha moja. Kila mtu aseme kitu kimoja kinachofanya kazi na kimoja angebadilisha, na mwenye picha anyamaze mpaka wote wamemaliza. Hii ya kunyamaza inakuonesha picha inasema nini bila mdomo wako: umedhani umepiga upweke, watu wanne wanaona mtu anasubiri gari, hiyo ni taarifa ya thamani kubwa.

Kiufundi, WhatsApp inabana picha, hata ile HD waliyoileta 2023 bado inabana, kwahiyo tuma kama dokumenti ili watu waone ukali wa kweli na chembechembe za kweli. Lakini ukituma kama dokumenti taarifa zote zilizomo kwenye faili zinakwenda nayo pamoja na mahali ilipopigwa kama simu iliandika GPS. Kwa watu unaowaamini sio shida, kwa grupu la wageni futa mahali kwanza, hasa kama umepiga watoto au nyumbani kwako. Flickr nayo ina sehemu ya kuamua nani aone mahali, ikague kabla hujapakia ya kwanza.

Udhaifu wa kagrupu ni kwamba hakakupi kuonekana hata kidogo, na baada ya muda mnaweza kuanza kufanana, wote mnapenda vivuli vizito, wote mnakropu vilevile. Ukiona hivo mwalike mtu mmoja wa aina nyingine ya picha.

Nyingine kwa haraka

Glass ilianza 2021, unalipia, haina matangazo wala algorithimu ya kukusukumia vitu, mazungumzo yake yametulia. Kama kulipia sio mzigo kwako ni sehemu ya heshima, ila watu ni wachache kwahiyo kuonekana ni kudogo. VSCO haioneshi hadharani idadi ya laiki wala mafolowa, inakuondolea presha, ukosoaji haina. Pixelfed ni ya chanzo huria na haiko chini ya kampuni moja, kwa anayechoka na algorithimu inafaa, macho bado machache. 1x inachujwa na wasimamizi, picha nyingi zinakataliwa, mimi ningesema isubiri kwanza, kukataliwa bila kuelewa kwanini hakumfundishi anayeanza, ingawa kuzitazama zilizokubaliwa ni shule nzuri.

Unsplash inahitaji uangalifu zaidi. Ilianza 2013, tangu 2021 iko chini ya Getty Images. Picha yako inaweza kupakuliwa mara nyingi mno, utaiona kwenye tovuti usizozijua, na hilo linampa mtu raha. Ila leseni yake inamruhusu yeyote aitumie bure hata kwenye biashara bila kukuomba na bila kulazimika kukutaja, na aliyeshaichukua huwezi kumnyang'anya hata ukiifuta. Kwahiyo picha inaonekana, wewe huonekani. Weka pale zile ambazo huwezi kuzijutia, kuta, mawingu, vikombe mezani, na usiweke nyuso za watu ambao hawajakubali, kwa sababu uso huo unaweza kuishia kwenye tangazo la kitu ambacho mwenyewe asingekubali kukitangaza. Picha ambayo ungependa siku moja kumuuzia mtu awe nayo peke yake usiiweke kabisa.

Mashindano nayo yanahesabika kwenye kuonekana. Kitengo cha wazi cha Sony World Photography Awards kuingia ni bure na kinaangalia picha mojamoja, kwa anayeanza hilo ni jambo zuri kwa sababu hauhitaji mfululizo mzima wa kazi. Kwa yale madogomadogo soma masharti mpaka mwisho, tafuta sehemu inayosema haki. Ukikuta wanachukua haki ya kutumia picha zote zilizoingia, hata zilizoshindwa, milele na kwa matumizi yoyote bila malipo, hayo sio mashindano, mtu anakusanya picha za bure. Wanaojiheshimu wanaomba kutumia picha kutangaza shindano lenyewe na maonesho yake, wanaishia hapo.

Tovuti yako mwenyewe kwa mwaka wa kwanza sioni haja. Hakuna atakayeifikia bila wewe kumpeleka. Ikifika siku mtu anauliza "nioneshe kazi zako" na unaona aibu kumtumia Instagram kwa sababu zimechanganyika na za sherehe, hapo ndo itengeneze, picha 20 zinatosha.

Kabla ya kupakia popote

Hamisha picha kwa rangi za sRGB, mfumo wa rangi wa kawaida wa mtandaoni, ukiacha Adobe RGB kwenye programu nyingine rangi zinapauka na watu watakukosoa kitu ambacho hukukifanya. Upande mrefu pikseli 2048 unatosha kwa ukosoaji na mtu hawezi kuichapa kubwa. Jina lako na njia ya kukupata viandike kwenye metadata, yaani taarifa zilizo ndani ya faili, ingawa Instagram na wenzake wanaweza kuzifuta, na watamaki (alama ya jina lako juu ya picha) kubwa katikati ya picha iache, anayetaka kukusaidia haoni mwanga na anayetaka kuiba ana programu za kuifuta. Kama unataka kujua picha yako imekwenda wapi itafute kwa TinEye au Google kwa kutumia picha yenyewe badala ya maneno.

Na popote utakapochagua, faili za asili zikae kwako sehemu mbili. DPReview, tovuti ya kuchambua kamera, ilikuwepo tangu 1998 na mijadala ya wapiga picha ya miaka na miaka, Machi 2023 Amazon wakatangaza wanaifunga, watu wakaanza kuhangaika kunakili kila kitu, bahati nzuri Juni kampuni ya Gear Patrol wakainunua ikabaki hai. Ukosoaji mzuri uliopewa nao unakili, bandika maneno kwenye faili la maandishi ndani ya folda ya picha husika, pamoja na mipangilio uliyotumia, na ukirudi kupiga kitu cha aina ileile fungua ile folda kabla hujatoka na kamera.